Saa tano hewani: tangi la mafuta, mwili wa rubani na safari za ndege ndogo hadi Ziwa Mweru

Ndege ndogo inayoonekana ikizunguka juu ya Ziwa Mweru kabla ya kutua huwa imekwisha kusafiri kwa saa kadhaa, na mara nyingi aliyeiongoza ni rubani mmoja tu. Makala haya yanaeleza ni nini kinachoamua ndege hiyo ikae hewani kwa muda gani, na kwa nini mwili wa rubani unaweza kuchoka kabla tangi halijakauka.

Kwa wasikilizaji wetu wa Nchelenge, Kashikishi na makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2018 kwa ajili ya waliovuka mpaka kutoka Kongo, ndege ndogo si chombo kigeni. Majirani zetu Wabemba huiita indeke, neno ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa. Huleta madaktari bingwa, huchukua wagonjwa waliozidiwa, husafirisha wafanyakazi wa misaada. Anayeitazama kutoka chini huona mabawa na kusikia mngurumo. Haoni chupa ya maji iliyowekwa kando kwa makusudi, wala saa ya mkononi inayoangaliwa kila baada ya dakika chache.

Masafa na muda

Marubani hutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. La kwanza ni masafa, yaani ndege itafika wapi. La pili ni muda wa kukaa hewani, yaani injini itafanya kazi kwa saa ngapi kabla ya tone la mwisho la mafuta. Upepo hubadilisha la kwanza na haugusi la pili. Ndege inayopambana na upepo wa mbele hutumia mafuta yale yale kwa saa moja. Kinachopungua ni kilomita.

Tuchukue mfano wa Cessna 206, ndege ya injini moja yenye viti sita, iliyozoeleka kwenye viwanja vya udongo vya Afrika Mashariki na Kusini. Matangi yake, yaliyomo ndani ya mabawa, hubeba takriban lita 330 za mafuta yanayoweza kutumika. Injini hunywa kati ya lita 55 na 60 kwa saa. Hesabu ya haraka inatoa karibu saa sita. Lakini hakuna rubani mwenye akili timamu anayepanga safari ya saa sita kwa tangi la saa sita. Kanuni za kimataifa hudai akiba: kwa safari ya mchana inayoongozwa kwa kutazama ardhi, mafuta ya dakika 30 yabaki ndege itakapofika, na marubani wengi wa nyika hujiwekea dakika 45 au saa nzima. Tunabaki na saa tano. Kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa, saa tano ni kilomita 1,200.

Sasa tuiweke hesabu hiyo juu ya ramani. Kutoka Ndola hadi Nchelenge kwa mstari ulionyooka ni kilomita 400 hivi, yaani saa moja na dakika 40. Kutoka Lusaka ni kilomita 670, karibu saa tatu kasorobo. Kutoka Dar es Salaam ni karibu 1,200, na kutoka Nairobi ni zaidi kidogo ya hapo. Kwa hiyo ndege hiyo ikitoka Dar es Salaam ingefika ziwani ikiwa imebaki na akiba tu, na ikitoka Nairobi ingekuwa imeanza kuila.

Mafuta ya kurudi nayo ni tatizo. Injini za aina ya Cessna 206 hutumia petroli maalumu ya ndege, na petroli hiyo imekuwa adimu na ghali katika sehemu kubwa ya Afrika. Ndege kubwa hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo hupatikana karibu kila uwanja mkubwa. Hii ni sababu mojawapo ya mashirika mengi ya misaada kuhamia kwenye ndege kama Cessna Caravan, ambayo injini yake ni ya tabo na hunywa mafuta hayo ya kawaida. Caravan hubeba zaidi ya lita 1,200, hutumia karibu lita 190 kwa saa, na huenda kwa kasi zaidi. Muda wake hewani haupishani sana na ule wa ndugu yake mdogo, ila huruka kilomita nyingi zaidi ndani ya muda huo.

Rubani asiye na hakika ya kupata mafuta anakokwenda hulazimika kubeba ya kwenda na ya kurudi. Ndola hadi Nchelenge na kurudi ni kama saa tatu na nusu, kwa hiyo inawezekana. Lusaka hadi Nchelenge na kurudi ni saa tano na dakika 35 pasipo upepo wowote, na hapo akiba imekwisha kuguswa. Upepo ukiwapo hali huwa mbaya zaidi, hata kama utamsukuma upande mmoja na kumzuia upande mwingine. Tuseme upepo wa kusini wa kilomita 40 kwa saa. Akienda kaskazini atatumia saa mbili na dakika 24. Akirudi atatumia saa tatu na dakika 21. Jumla ni saa tano na dakika 45, dakika kumi zaidi ya siku isiyo na upepo. Ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia kuliko ndani ya ule unaoisaidia, na ndiyo sababu deni hilo halilipiki.

Kisha kuna uzito. Lita 330 za petroli ya ndege zina uzito wa karibu kilo 240. Tangi likijaa, nafasi iliyobaki kwa rubani, mgonjwa, muuguzi, ndugu wa mgonjwa na mizigo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Uso wa Ziwa Mweru uko takriban mita 917 juu ya usawa wa bahari, na katika joto la Oktoba hewa nyembamba ya hapa hubeba mabawa kwa uvivu kuliko ile ya pwani. Rubani anayemwambia ndugu wa mgonjwa kwamba hana nafasi kwake, huku kiti kikionekana wazi, huenda hana ukatili wowote. Kiti kile kimekaliwa na mafuta.

Wanaosafiri kwa barabara kutoka Copperbelt kwenda Luapula wanaujua ulimi wa ardhi ya Kongo unaojipenyeza ndani ya Zambia, na daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008 juu ya Mto Luapula. Angani ulimi huo upo pia. Mstari ulionyooka kutoka Ndola hadi ziwani hupita juu yake, na kupita juu ya nchi nyingine huhitaji ruhusa. Asiye na ruhusa huuzunguka kwa mashariki, akiongeza zaidi ya kilomita 150.

Mwili ndani ya kibanda

Hapa mtafsiri hukwama. Lugha nyingi huzungumzia starehe ya rubani, na kulitafsiri neno hilo moja kwa moja humfanya msomaji afikirie mito laini na kinywaji baridi. Starehe ni ya abiria. Kwa rubani, jambo linalozungumzwa ni mwili uliotulia kiasi cha kumwacha afikiri, na nitaliita utulivu wa mwili. Ukikosekana, makosa huanza.

Adui wa kwanza ni kelele. Ndani ya ndege ndogo ya injini ya pistoni sauti huzidi desibeli 90, kiwango ambacho kiwandani mfanyakazi angetakiwa kuziba masikio. Kifaa cha masikioni anachovaa rubani si cha kuongea na waongozaji wa ndege tu. Hupunguza kelele, na asiyekivaa hushuka akiwa amechoka kama aliyebeba magunia. Mtetemo wa injini nao hupanda kupitia kiti hadi kwenye uti wa mgongo. Kiti chenyewe huwekwa kwa kupimwa: kikisogezwa nyuma mno, miguu hunyooka na kiuno huuma baada ya saa moja, kikiwa chini mno, shingo hujikunja kila mara kutazama mbele.

Adui wa pili ni kiu, na huyu hukaribishwa na rubani mwenyewe. Ndege nyingi ndogo hazina choo. Rubani anayejua kwamba ana saa nne mbele yake huacha kunywa maji tangu asubuhi. Hewa ya juu ni kavu, jua hupenya kwenye vioo, na mwili hupoteza maji bila jasho kuonekana. Matokeo ni kichwa kuuma, macho mazito na hesabu rahisi kugeuka ngumu. Waalimu wa urubani husisitiza kinyume chake: kunywa kidogo kidogo njia nzima, na kubeba chupa yenye mdomo mpana kwa haja ndogo. Kwa wanaume jambo hili huishia kwenye mzaha. Kwa marubani wanawake limekuwa gumu zaidi, maana vifaa vingi vilitengenezwa bila kuwafikiria, na kuna wanaopanga kituo cha ziada kwa sababu hiyo pekee. Kituo hicho huongeza saa moja kwenye safari na hugharimu mafuta ya kupaa tena. Hata hivyo ni uamuzi bora kuliko kubana kibofu kwa saa tatu na kutua kwa haraka ili kuwahi chini.

Hewa nayo ina mambo yake. Kadiri ndege inavyopanda, oksijeni hupungua, na ubongo hauna kengele ya kutangaza upungufu huo. Mtu huhisi vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Kanuni za kimataifa hudai oksijeni ya ziada kwa safari zinazozidi nusu saa juu ya futi 10,000, lakini uwezo wa kuona usiku huanza kushuka hata kwenye futi 5,000. Ndege zenye kipasha joto kinachochukua moto wa bomba la moshi huwa na hatari nyingine: bomba likipasuka, gesi ya kaboni monoksidi huingia kibandani. Haina harufu wala rangi, na mojawapo ya dalili zake ni usingizi, ambao rubani aliyechoka atauona kuwa wa kawaida.

Ziwa lenyewe huongeza kazi. Mwezi wa Agosti hadi Oktoba moshi wa mioto ya nyika hutanda Luapula nzima, na maji na anga hugeuka rangi moja. Upeo hutoweka. Masikio humwambia rubani kwamba amelala upande mmoja ilhali ndege imenyooka, na inambidi aamini vyombo badala ya mwili wake. Kati ya Novemba na Aprili kuna mawingu ya mvua na radi, ambayo hukua zaidi alasiri. Mwenye injini moja ana hesabu nyingine kichwani: injini ikizimika, ndege ya aina hii huteleza karibu kilomita tisa kwa kila kilomita moja ya kimo. Mweru lina upana unaofikia kilomita 50 na zaidi, na anayeruka mita 1,500 juu ya maji akiwa katikati yake hawezi kufika ufuoni. Ndiyo maana ndege ndogo huonekana zikiambaa na pwani ya Kashikishi badala ya kukata moja kwa moja. Wavuvi wazee wanaouogopa upepo wa katikati ya ziwa hufanya vivyo hivyo. Kwa kweli neno rubani lilianza majini kabla ya kupanda hewani; lilikuwa la mwelekezaji wa chombo, aliyejua miamba iko wapi.

Baada ya hayo yote huja usingizi. Mwili wa binadamu hudidimia kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena, kwa kiasi kidogo, mapema alasiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Drew Dawson na Kathryn Reid ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Katika hali hiyo ubongo huiba usingizi wa sekunde chache, macho yakiwa wazi. Katika ndege yenye marubani wawili au watatu, mmoja anaweza kupewa nafasi ya kusinzia kwa zamu. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilithibitisha faida yake miaka ya 1990. Aliye peke yake juu ya Luapula hana wa kumkabidhi usukani.

Waliokaa muda mrefu zaidi

Historia ya ukanda wetu ina mfano unaojulikana dunia nzima. Tarehe 4 Septemba 1936 Beryl Markham, aliyekulia Kenya na kufanya kazi ya urubani huko, alipaa kutoka Abingdon nchini Uingereza akiwa peke yake katika ndege ya Percival Vega Gull. Alivuka Atlantiki kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, usiku, bila redio. Mzigo mkubwa ulikuwa matangi ya ziada ya mafuta yaliyojazwa ndani ya kibanda. Kwa ajili ya uzito alichagua nguo za joto na kuacha jaketi la kuokolea maisha. Tangi moja lilipokauka injini ilizimika, na ndege ikaporomoka gizani kuelekea baharini kabla hajafungua tangi jingine na injini kuwaka. Baada ya saa 21 na dakika 25 injini ilizimika tena, inaaminika kwa sababu barafu iliziba njia ya hewa ya tangi, na akaangukia kwenye matope ya Cape Breton nchini Kanada. Alitoka akiwa na jeraha la kichwa. Tangi halikuwa tupu. Mafuta yalikuwapo, ila hayakuweza kutoka.

Rekodi ya kukaa hewani kwa ndege yenye watu ndani inashikiliwa mpaka leo na Cessna 172, ndege ndogo kuliko ile tuliyoipigia hesabu. Robert Timm na John Cook walipaa Las Vegas, Marekani, tarehe 4 Desemba 1958 na kutua tarehe 7 Februari 1959: siku 64, saa 22 na dakika 19. Mafuta yalipandishwa kwa mpira kutoka kwenye lori lililokimbia chini yao kwenye barabara iliyonyooka ya jangwani. Chakula kilisagwa kikatiwa kwenye chupa za chai. Walipeana zamu za saa nne, lakini kelele na nafasi finyu havikuruhusu usingizi wa kweli. Tarehe 9 Januari, karibu saa tisa usiku, Timm alisinzia kwenye usukani, na kwa zaidi ya saa moja ndege iliongozwa na mtambo wa kujiendesha. Baadaye mtambo huo huo uliharibika. Wote wawili walishuka wakiwa hai, jambo ambalo mimi huliona kuwa la ajabu kuliko rekodi yenyewe.

Libreville, 1993

Kwa Zambia suala hili lina kaburi. Jioni ya tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya Jeshi la Anga la Zambia aina ya Buffalo, yenye injini mbili za propela, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kupaa kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walifariki, wakiwamo wachezaji 18 wa timu ya taifa ya soka waliokuwa wakienda Senegal kwa mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia.

Buffalo si ndege ndogo kwa kipimo cha Cessna, lakini haikuundwa kwa safari ya aina hiyo. Kutoka Lusaka hadi Dakar ilibidi isimame Brazzaville, Libreville na Abidjan kutia mafuta. Ilikuwa imekaa kwa miezi bila kuruka hadi siku chache kabla ya safari. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa na Gabon mwaka 2003 ilieleza kwamba injini ya kushoto ilipata hitilafu na moto, na rubani akazima ile ya kulia iliyokuwa nzima. Ripoti ilitaja kasoro ya taa ya tahadhari, na ilitaja uchovu: rubani alikuwa ameileta timu kutoka Mauritius siku moja tu iliyotangulia.

Ukipima kwa saa na ramani, mtu aliyerudi kutoka Bahari ya Hindi jana aliamka na kuvuka nusu ya bara leo, katika chombo chenye kelele, kilichotua na kupaa kila baada ya saa chache. Kisha, jioni, akapewa sekunde kadhaa za kuchagua kati ya injini mbili. Haitoshi kusema kwamba alikosea. Wachezaji walizikwa Lusaka, karibu na Uwanja wa Uhuru. Tarehe 12 Februari 2012 Zambia ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika katika mji huo huo wa Libreville, na wengi wetu tuliotangaza habari ile tulishindwa kuisoma hadi mwisho kwa sauti ya kawaida.

Nani anayehesabu saa

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hudai kila nchi iweke kanuni za kudhibiti uchovu wa marubani wa biashara. Nchini Zambia kazi hiyo iko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mipaka hutofautiana baina ya nchi. Marekani, kwa mfano, humruhusu rubani aliye peke yake katika safari za kukodi kuruka saa nane kwa siku, na kumi wakiwa wawili.

Ugumu ni kwamba saa za kuruka si saa za kazi. Rubani wa safari ya Nchelenge huamka usiku, hukagua hali ya hewa, hutia mafuta kwa mikono, hupakia mizigo, huruka saa mbili, hungoja saa sita chini ya bawa kwenye jua, halafu huruka saa mbili nyingine. Kitabu chake kitaandika saa nne. Mwili wake utaandika kumi na nne.

Wapo pia wanaobeba kazi mbili. Huduma ya Madaktari wa Anga ya Zambia, yenye makao yake Ndola, ilianzishwa katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya wagonjwa wa vijijini. Miaka ya 1980 Profesa John Jellis alianzisha Flyspec, ambamo madaktari bingwa wa upasuaji wa mifupa na wa kurekebisha viungo waliruka kutoka Lusaka kwenda hospitali za mbali, daktari akiwa ndiye rubani. Kenya ilikuwa na Dkt. Anne Spoerry, aliyejifunza kuruka akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 na kuhudumia Lamu na kaskazini mwa nchi hadi alipofariki mwaka 1999. Wagonjwa walimwita Mama Daktari. Hawa walioperesheni au kutibu watu mchana kutwa na kisha kukaa kwenye usukani. Sifa zao ni za haki. Lakini sifa hizo zimewafanya wengi waamini kwamba rubani mwema ni yule asiyesema amechoka, na imani hiyo ni ya hatari kuliko moshi wa Septemba.

Abiria anaweza kuuliza maswali bila kumvunjia rubani heshima: umelala saa ngapi, umekunywa maji, tutasimama wapi. Rubani makini hujibu bila kukasirika. Wengine hata hufurahi, maana kila anayetaka kuondoka upesi humharakisha, na ni mara chache mtu humtakia mapumziko.

Jua likielekea kuzama

Viwanja vingi vidogo vya mkoa wa Luapula havina taa, na jua la ukanda huu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Tuchukue simu inayofika Ndola saa tisa alasiri, ikisema mama aliyejifungua anavuja damu karibu na ziwa. Kuandaa ndege, muuguzi na ruhusa ya kupita huchukua saa moja kama mambo yote yananyooka. Safari ni saa moja na dakika 40. Ndege ingetua ikiwa imebaki na dakika 20 za mwanga, na kumpakia mgonjwa wa machela katika ndege ndogo kwa usalama huhitaji zaidi ya hizo. Rubani angelazimika ama kupaa gizani kutoka kwenye kiwanja kisicho na taa, mwishoni mwa siku iliyoanza kabla ya alfajiri, au kulala huko na kumwacha mgonjwa mikononi mwa hospitali iliyo karibu, kama ile ya Mtakatifu Paulo ya Kashikishi.

Simu hiyo hiyo ikipigwa saa nne asubuhi, mama huyo anaweza kuwa Ndola kabla ya saa kumi alasiri, na rubani aliyempeleka akawa amekwisha kula na kunywa maji. Ndiyo maana wahudumu wa afya hushauriwa kutoa taarifa mapema, hata pale wanapokuwa bado hawajaamua kama ndege itahitajika: kumrudisha rubani ambaye hajapaa hakugharimu chochote.